Mstari mwekundu ni uamuzi wa nani? Somo la 1930 kwa waandishi wa kiufundi

SWALI lililonifikia kutoka Ikutha, kusini mwa Kaunti ya Kitui, lilikuwa fupi. Kikundi kinachoandaa vijitabu vya kilimo na maji kwa Kiswahili kinataka kujua kitumie programu gani ya kukagua mtindo na istilahi. Waandishi wake hawaelewani. Huyu anaandika “ndengu”, yule “choroko”, mwingine “pojo”, na wote wanazungumzia zao lilelile. Wanataka mashine iwaamulie.

Nitalijibu swali hilo, ila nitapitia kwenye historia, kwa kuwa swali lenyewe si geni. Afrika Mashariki ilijiuliza jambo hilohilo karibu karne moja iliyopita, na jibu lililotolewa wakati huo lingali linatutawala kila kompyuta inapotupigia mstari mwekundu chini ya neno. Hoja yangu ni kwamba programu ya kukagua lugha haina elimu yake yenyewe. Ina orodha ya maamuzi ya watu. Anayechagua programu kabla ya kuuliza orodha ni ya nani amejipa bwana asiyemjua.

Hebu tuanzie hapohapo Ukambani. Mwaka 1849 mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alitoka Rabai akafika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, na akiwa huko, tarehe 3 Desemba, aliuona Mlima Kenya. Mwaka uliofuata alichapisha orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili na Kikamba zikiwemo. Katika miaka ya 1890 wamishonari wa Kilutheri wa Leipzig walikuwa na kituo Ikutha kwenyewe, na baadhi yao, kama vile Ernst Brutzer, waliandika kuhusu sarufi na msamiati wa Kikamba. Wote hao walikabiliwa na swali moja: nani aamue neno liandikweje? Kikamba kina irabu saba, ilhali alfabeti waliyokuja nayo ina herufi tano za irabu. Ilibidi mtu akate shauri. Ndiyo maana leo tunazo ĩ na ũ zenye vialama juu yake, herufi ambazo hata sasa wengi hawazipati kwa urahisi kwenye kibodi zao.

Upande wa Kiswahili hali ilikuwa hiyohiyo. Krapf, aliyeishi Mombasa na Rabai, aliegemea Kimvita. Kamusi yake ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Edward Steere, aliyefanya kazi Unguja na kuchapisha kitabu chake cha sarufi 1870, aliegemea Kiunguja. Shule zilipoongezeka, serikali za kikoloni zikajikuta na vitabu ambavyo havikubaliani hata katika tahajia. Kitabu cha upande huu hakingeweza kutumiwa upande ule bila manung’uniko.

Mwaka 1925 Gavana Donald Cameron wa Tanganyika aliitisha mkutano wa elimu Dar es Salaam, na suala la lugha ya vitabu likajadiliwa. Mwaka 1928 mkutano mwingine ulifanyika Mombasa, naye Carl Meinhof, bingwa wa lugha za Kibantu kutoka Ujerumani, alihudhuria. Uamuzi ukawa kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kumbe uamuzi wa kukiacha Kimvita ulipitishwa Mombasa penyewe! Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Ukisoma malengo ya Kamati hiyo, utadhani unasoma maelezo ya programu inayouzwa leo. Ilipaswa kusawazisha tahajia. Ilipaswa kuhakikisha kuwa maneno yaliyopo na mapya yanatumiwa kwa namna moja. Ilipaswa kusawazisha sarufi kwa kusimamia vitabu vinavyochapishwa, kusahihisha miswada ya vitabu vya shule, na kujibu maswali ya waandishi. Mwandishi alipeleka muswada wake, ukapitiwa, ukarudishwa na masahihisho. Kitabu kilichopita kilipata idhini ya Kamati. Hiyo ndiyo iliyokuwa programu yetu ya kwanza ya ukaguzi. Tofauti ni kwamba ilitumia posta, na jibu lilichukua muda.

Hatuna budi kukiri kwamba kazi ile ilizaa matunda. Kamusi zilizotolewa 1939 kwa jina la Johnson, aliyekuwa ameshafariki, zilitumika kwa vizazi. Mwalimu wa Tabora na mwalimu wa Kitui waliweza kusoma kitabu kimoja. Lakini gharama ilikuwepo. Mwanzoni Kamati haikuwa na mjumbe yeyote Mwafrika. Wenye lugha hawakuwa mezani. Mtoto wa Mombasa aliyesema “mato” kwa macho na “nti” kwa nchi, maneno aliyorithi kwa washairi wakubwa, aliambiwa shuleni kwamba amekosea. Shihabuddin Chiraghdin, mwana wa Mombasa, alikuwa miongoni mwa wataalamu waliolalamikia jinsi usanifishaji ulivyofanywa. Mstari mwekundu ulikuwepo kabla ya kompyuta, na ulipigwa kwa kalamu.

Kamati ilihamahama. Ilipitia Nairobi, Makerere na Mombasa, ikarudi Dar es Salaam, na mwaka 1964 ikaingizwa katika Chuo Kikuu, ambako baadaye ilijulikana kama TUKI na sasa TATAKI. Tanzania iliunda BAKITA kwa sheria ya 1967. Kenya, kwa miongo mingi, iliendelea bila baraza la namna hiyo. Matokeo yake tunayaona. Vitabu vya shule vya Kenya vinasema “tarakilishi”, Mtanzania anasema “kompyuta”, na Mkenya huyohuyo akitoka darasani naye anasema “kompyuta”. Programu itampigia nani mstari? Itategemea aliyeandika orodha alikuwa amekaa upande gani wa mpaka.

Sasa tutazame wenzetu wa mbali walivyofanya, maana hawa ndio walioanzisha programu zinazosakwa na kikundi cha Ikutha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya matrekta ya Caterpillar ya Marekani ilibuni Kiingereza chepesi cha maneno yasiyofika 1,000, ili fundi wa nchi yoyote aweze kusoma kitabu cha mashine bila kungoja tafsiri. Katika miaka ya 1980 sekta ya usafiri wa anga ya Ulaya ilikuja na Kiingereza sahili cha vitabu vya matengenezo. Neno moja hupewa maana moja, na sentensi ya maagizo haizidi maneno 20. Baada ya kanuni hizo kukubaliwa, kampuni ya Boeing ikaanza mwaka 1990 kutumia programu ya kukagua kama waandishi wake wanazifuata. Utaratibu huo ndio wa kuzingatia. Walikubaliana kwanza, wakaandika orodha, halafu ndipo mashine ikaitwa. Si kinyume chake.

Kiswahili nacho hakijakosa mafundi wa kompyuta. Tangu miaka ya 1980 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, amejenga mfumo unaochambua umbo la neno la Kiswahili. Mwaka 2004 mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Leo LibreOffice, ambayo ni ya bure, inaweza kuwekewa orodha ya tahajia ya Kiswahili, na inafanya kazi hata pasipo intaneti. Kwa mtu wa Ikutha hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, tujue mipaka yake. Kitenzi chetu hubeba mzigo. Kutokana na “nyunyizia” tunapata “hatukuzinyunyizia”, “yaliyonyunyiziwa”, “atakayeinyunyizia” na mengine maelfu. Programu yenye orodha tu, isiyojua viambishi, itapiga mstari mwekundu nusu ya ukurasa ambao hauna kosa lolote. Kwa upande mwingine, ukiandika “dawa hii zinyunyizwe jioni”, kikagua tahajia kitanyamaza, kwani kila neno peke yake ni sahihi. Upatanisho wa ngeli umevunjika, ila mashine haioni.

Kisha kuna kosa ambalo ni kubwa kuliko la tahajia na la ngeli, na hapa ndipo maisha ya watu yanapoingia. Chukua sentensi hii: “Changanya kijiko kimoja cha dawa katika maji, kisha nyunyizia saa mbili.” Tahajia ni safi. Ngeli ziko sawa. Lakini kijiko gani? Cha chai hubeba mililita 5, cha mezani 15. Mkulima aliyeelewa vibaya amemwaga sumu mara tatu ya kipimo. Dawa ipi? Dukani neno “dawa” ni la wadudu, la magugu, la kupe na la mgonjwa. Na “saa mbili” ni muda wa kunyunyizia, au ni saa mbili asubuhi? Hakuna programu ya kununua dukani itakayoyajua hayo isipoambiwa.

Turudi kwenye ndengu. Kwa mkulima wa Kitui, ndengu ni zile punje ndogo za kijani anazozitegemea mvua inapokuwa haba. Kamusi za Kiswahili sanifu huziita choroko, na Pwani husikia pojo. Tanzania, “dengu” ni zao jingine kabisa, punje kubwa ambazo Wahindi huziita chana. Kwa hiyo programu yenye orodha ya Dar es Salaam ikikutana na “ndengu”, huenda ikapendekeza “dengu” kana kwamba ni kosa la herufi moja. Mwandishi aliyechoka atabofya akubali, na kijitabu kitakuwa kimehama kutoka zao moja hadi jingine. Vivyo hivyo “kiuatilifu” ni istilahi nzuri na imeenea Tanzania, lakini ukiipeleka peke yake Ikutha, wengi watauliza ni mdudu gani huyo.

Je, basi tutupilie mbali usanifu? Hasha! Ninaushikilia usanifu na nimeufundisha miaka mingi. Ninachosema ni kwamba orodha ya mwandishi wa kiufundi lazima iwe na safu tatu: neno sanifu, neno la watu wa mahali, na neno lisilotakiwa. Kijitabu kiandike “ndengu (choroko)” mara ya kwanza, kisha kishikamane na “ndengu” hadi mwisho. Kiandike “dawa ya wadudu (kiuatilifu)”, na “dawa” peke yake iwekwe katika safu ya tatu. Hivyo mkulima anaelewa, na mtaalamu wa Morogoro akikisoma hapotei. Wajumbe wa 1930 hawakuwa na safu ya pili, na hilo ndilo deni walilotuachia.

Sasa jibu la swali. Kabla ya kulipa shilingi yoyote, kikundi kiulize mambo manne. Mosi, programu inakijua Kiswahili kweli pamoja na viambishi vyake, au jina la lugha limewekwa tu kwenye tangazo? Ijaribuni kwa kurasa zenu wenyewe. Pili, inakubali tuongeze na kuondoa maneno, na orodha yetu inabaki mali yetu tukihama? Tatu, inatuonyesha kwa nini imekataa neno, au inabadilisha kimyakimya? Swali hili liulizwe kwa ukali zaidi kwa zile programu mpya za akili unde ambazo huandika upya sentensi nzima kwa ulaini mkubwa bila kusema zimetegemea uamuzi wa nani. Nne, inafanya kazi mtandao ukipotea?

Kwa kipimo hicho, programu ghali za mashirika makubwa, kama vile Acrolinx ya Ujerumani, hazikufaa kuwa mahali pa kuanzia. Zimejengwa kwa ajili ya kampuni zenye waandishi wengi na lugha za soko la dunia. Mimi ningeanza na LibreOffice na orodha yake ya Kiswahili kwa tahajia, nikaongeza programu ya bure kama Vale, ambayo kanuni zake unaziandika mwenyewe. Kanuni ya kwanza: “kijiko” kisisimame bila “cha chai” au “cha mezani”. Ya pili: “saa” ifuatwe na asubuhi, mchana, jioni au usiku, la sivyo itanguliwe na “kwa muda wa”. Ya tatu: “dawa” itaje ni ya nini. Ni kazi ya alasiri moja.

Kazi ngumu ni ile ya kabla yake: kuketi chini na mkulima, muuzaji wa pembejeo, afisa wa kilimo na mwalimu wa Kiswahili, mkapitia maneno 200 hivi ambayo vijitabu vyenu hutumia sana, mkakubaliana neno kwa neno, na kuandika pembeni nani ameamua na lini. Wekeni siku ya kuirudia orodha kila mwaka, kwa kuwa lugha haikai. Mashine itawakumbusha mliyokubaliana, lakini haiwezi kukubaliana kwa niaba yenu.