Miaka 130 ya tiba ya mgongo kwa mikono: Kijana wa Terrat ataisomea wapi?

Septemba 18, 2025 ilitimia miaka 130 tangu mtu mmoja katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, aweke mikono yake mgongoni kwa mwenzake na kuisukuma pingili aliyoiona imetokeza. Kwa msukumo huo ikazaliwa kairopraktiki, tiba ya uti wa mgongo kwa mikono, ambayo leo ina vyuo, leseni na mabaraza yake katika nchi nyingi. Hapa Arusha siku hiyo ilipita kimya. Ilistahili kukumbukwa, hasa katika kata kama Terrat, pembezoni mwa jiji upande wa kusini, ambako mgongo ndio mtaji wa kwanza wa mtu.

Akina mama wa huko hubeba ndoo za maji, bodaboda hupigwa na barabara za vumbi na makorongo kutwa nzima, na jiji linavyozidi kusogea, vijana hushusha mifuko ya saruji ya kilo 50 kwenye nyumba zinazoota kila upande. Walio mashambani wameinamia jembe la mkono. Kiuno kikikaza, mtu humeza vidonge vya maumivu vya duka la dawa, hukandwa kwa maji ya moto yenye chumvi, au huenda kwa mzee anayejua kuchua na kuunga mifupa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba kufikia mwaka 2050 watakuwa milioni 843.

Miongoni mwa wanaopona hutokea wachache wanaotaka kujua waliponywaje, wakajifunze nao watibu wengine. Kairopraktiki yenyewe ilikua kwa njia hiyo tangu mwanzo.

Mwanzilishi wake, Daniel David Palmer, alizaliwa Kanada mwaka 1845. Kabla ya kugusa mgongo wa mtu alikuwa mwalimu wa shule, mfuga nyuki na mwenye duka la vyakula. Baadaye akawa mganga wa sumaku, tiba iliyovuma sana Marekani wakati huo, ambapo mganga hupitisha mikono juu ya mgonjwa akiamini kuna nguvu inayotoka mwilini mwake. Shahada ya udaktari hakuwa nayo. Usafi wa jengo ilimokuwa ofisi yake ulikuwa mikononi mwa Harvey Lillard, Mmarekani mweusi aliyekuwa na usikivu hafifu kwa miaka 17. Kwa maelezo ya Palmer, Lillard alimwambia kuwa siku moja, akiwa ameinama na kujikaza, alisikia kitu kikiachia mgongoni, na tangu hapo masikio yakawa mazito. Palmer akapapasa, akakuta pingili imetokeza, akaisukuma. Akaandika kwamba usikivu ulirudi.

Binti wa Lillard alisimulia vingine. Baba yake alikuwa akipiga soga na rafiki karibu na mlango wa ofisi, Palmer akatoka kuwasikiliza, na kichekesho kilipokolea akampiga Lillard mgongoni kwa kitabu alichokuwa amekishika. Siku chache baadaye Lillard akasema anasikia vizuri zaidi. Madaktari nao wana hoja yao: mshipa wa fahamu wa kusikia hutoka kwenye ubongo hadi sikioni bila kupita mgongoni. Hoja hiyo ina uzito. Juu ya tukio hilo moja Palmer alijenga dai kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote husababishwa na pingili zilizohama, na dai hilo limekuwa mzigo kwa wafuasi wake hadi leo.

Mwaka 1897 alifungua chuo. Mmoja wa waliosoma hapo alikuwa mwanawe, Bartlett Joshua, aliyejulikana kwa herufi mbili tu, B.J. Mwaka 1906 baba alishtakiwa kwa kutibu bila leseni. Alikataa kulipa faini, akakaa gerezani siku 17, kisha akalipa akatoka. Muda mfupi baadaye chuo kilikuwa mali ya B.J., ambaye hakuwa amefikisha hata miaka 25. Mzee akashika njia ya magharibi, akafundisha Oklahoma na Oregon, na mwaka 1910 akachapisha kitabu cha kurasa zaidi ya 1,000. Ndani yake anaeleza nadharia yake, na ukurasa baada ya ukurasa anamshambulia mwanawe kwa uchungu wa baba aliyenyang'anywa shamba alilolifyeka mwenyewe.

Mwaka huo huo B.J. aliingiza mashine ya eksirei chuoni. Kwa wengi ilikuwa kufuru. Walishika kwamba mikono inatosha na kwamba mashine ni ya madaktari, wale wale waliokuwa wakiwafunga jela. Baadhi ya walimu na wanafunzi walitoka, wakaenda kufungua chuo chao. B.J. hakurudi nyuma. Alikuwa mtu wa makelele, wa matangazo, wa kupenda kutazamwa. Mwaka 1922 alinunua kituo cha redio, WOC, na miaka kumi baadaye kituo hicho kilimpa kazi ya utangazaji kijana aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, Ronald Reagan.

Kilele cha ugomvi wa baba na mwana kilifika Agosti 1913. Chuo kiliandaa mkutano wa wahitimu na maandamano mjini Davenport. Mzee Palmer alikuja bila kupewa nafasi, akataka kutembea mbele ya wote kwa kuwa ndiye mwasisi. B.J. alikuwa ndani ya gari. Maneno makali yakatoka hadharani. Upande wa mzee ulidai kwamba gari la mwana lilimgonga baba kwa nyuma, B.J. alikana, na wapo mashahidi waliosimama naye. Oktoba 20 mwaka huo Daniel David Palmer alifariki Los Angeles, na sababu iliyoandikwa ni homa ya matumbo. Tuhuma zilifikishwa kwenye vyombo vya sheria na hakuna iliyomtia B.J. hatiani. Fitina hiyo iliigawa fani kwa miongo mingi, huku upande mmoja ukisema imani na mikono vinatosha, na mwingine ukisema tazama kwanza ndipo uguse.

Mimi nasimama na waliosema tazama kwanza, na mfano wangu ni Clarence Gonstead wa Wisconsin. Alikuwa kijana wa kijijini, akaugua viungo mpaka akalazwa kitandani bila nafuu. Ndugu zake walimpeleka kwa tabibu wa kairopraktiki mjini Madison. Alipoinuka aliamua hiyo ndiyo kazi yake, akatafuta ada kwa kazi za ufundi, na mwaka 1923 akahitimu katika chuo cha Palmer. Alikwenda kutibia Mount Horeb, mji mdogo katikati ya mashamba. Mwaka 1939 alijenga zahanati, mwaka 1964 akajenga kubwa zaidi, na pembeni yake kukawa na nyumba ya wageni na uwanja wa ndege ndogo kwa ajili ya wagonjwa waliotoka mbali. Maumivu yalimpa hamu, lakini kilichompa jina ni utaratibu. Alipiga picha ya uti wa mgongo mzima, akapima, akapapasa pingili moja moja, ndipo akagusa ile iliyohitaji kuguswa.

Njia ya kisheria ilikuwa ndefu. Kansas lilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kupitisha sheria ya kuitambua fani hiyo, mwaka 1913. Louisiana ikawa la mwisho, mwaka 1974. Mwaka 1976 tabibu wa kairopraktiki Chester Wilk na wenzake walikishtaki chama cha madaktari cha Marekani kwa kula njama za kuwasusia, na mwaka 1987 wakashinda. Katika Afrika, Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 1971, na tangu mwaka 1989 fani hii inafundishwa Durban, kisha Johannesburg.

Sasa turudi Arusha, chini ya Mlima Meru, kwa sababu mgongo wa huku una mambo yake.

La kwanza ni maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huachia madini ya floraidi kwenye chemchemi, mito na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa kukosa namna, iliruhusu hadi miligramu 8 vijijini, baadaye ikashusha hadi 4. Meno ya kahawia ya watoto wa Arumeru kila mtu anayaona. Yasiyoonekana ni yale yanayotokea kwenye mifupa. Kwa mtu aliyekunywa maji hayo miaka mingi, kano zinazoshika pingili huweza kugeuka ngumu kama mfupa, mgongo ukakakamaa na mishipa ya fahamu ikabanwa. Mgongo wa namna hiyo haulegezwi kwa kusukumwa. Wataalamu wa kituo cha Ngurdoto wamekuwa wakichuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na mradi mkubwa wa maji wa Arusha, wa shilingi bilioni 520, ulichimbiwa visima hadi wilaya ya Hai. Kila lita ya maji safi inayofika mtaani inapunguza kazi ya tabibu wa mgongo wa kesho.

La pili ni kifua kikuu. Ugonjwa huu hauishii kwenye mapafu. Hula pia pingili za mgongo, na daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza mwaka 1779. Pingili huoza taratibu, mgongo ukapinda, mtu akapata kibiongo. Kanda yetu inaujua ugonjwa huu vya kutosha. Hospitali ya kifua kikuu ya Kibong'oto, huko Siha, imekuwapo tangu mwaka 1926. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 kuhusu kairopraktiki unakataza kabisa kusukuma uti wa mgongo wenye kifua kikuu. Anayebonyeza pingili iliyokwisha kuoza anaweza kumwacha mgonjwa amepooza miguu yote miwili.

Mwongozo huo huo unataka anayeisomea fani hii apate si chini ya saa 4,200 za masomo mbele ya mwalimu, na ndani yake saa 1,000 za kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Hiyo ni miaka minne kamili. Nalisema hili kwa ajili ya vijana waliopona migongo, wakatazama video kwenye simu, wakaanza kuwavunja wenzao shingo ili isikike ikilia. Mlio huo ni wa hewa ndani ya maungio, haumaanishi kwamba pingili imerudi mahali pake.

Lakini kijana wa Terrat anayetaka kusoma kwa haki aende wapi? Ukanda wetu umemwachia Durban na Johannesburg, na ada ya huko si ya mkulima wa mahindi. Njia iliyo karibu ni fiziotherapia. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, ina shule ya fani hiyo, na penye uwanja huo huo tangu mwaka 1981 kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kushikia migongo kutoka nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Msingi upo. Kinachokosekana ni mtu wa kusema somo la tiba ya uti wa mgongo kwa mikono lipewe nafasi yake kamili hapo, na hospitali za wilaya ziajiri wanaohitimu. Inasikitisha kwamba wilaya inaweza kuwa na maelfu ya wenye maumivu ya mgongo na mtaalamu wa viungo wa kuhesabu kwa vidole.

Wazee wetu wanaounga mifupa nao wasisahaulike. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwapa baraza la kujisajili. Waitwe, waandikwe, wafundishwe dalili za hatari, na wawe wa kwanza kumwelekeza mgonjwa hospitali. Ujuzi wao ukizikwa nao, hasara ni yetu.

Nawe msomaji unayeumwa mgongo: ukiona ganzi au udhaifu miguuni, ukishindwa kuzuia mkojo, ukitokwa jasho usiku, ukipata homa au ukipungua uzito bila sababu, usimruhusu mtu yeyote akubonyeze. Nenda kwanza hospitali, Mount Meru au iliyo karibu nawe, ukapigwe picha.