Majina Yaliyovuka Mpaka

Mwaka 1902 Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda, wakautia katika nchi tunayoiita leo Kenya. Wasamia wa Busia wakajikuta pande mbili za mpaka. Majina hayakukatwa: huku na kule, Nafula ni msichana aliyezaliwa wakati wa mvua. Mvulana wa usiku, kwa Wapadhola wa Tororo ni Othieno. Kwa Wajaluo wa Kenya ni Otieno.

Jina huweza pia kubadilika. Wazee wa Kijaluo waliamini marehemu hudai jina lake: mtoto akilia mno hutajiwa mababu, na jina linalomtuliza huwa lake.

Nawe unapoandikishwa kambini, taja majina yako yote, hata la utotoni. Msalaba Mwekundu hutafuta jamaa kwa majina. Huenda mama anakuulizia kwa hilo.