Kivuli cha Kijiti na Wavu wa Saa za Swala



Nyumba nyingi za Waislamu hapa Kampala zina karatasi ya nyakati za swala ukutani. Je, watoto wetu wanajua hesabu hiyo ilianzia wapi?

Simika kijiti cha mita 1 juani. Tia alama kwenye ncha ya kivuli kila nusu saa, kisha unganisha alama hizo. Machi 20 au 21 utapata mstari ulionyooka, magharibi kwenda mashariki. Mwishoni mwa Juni mstari unapinda na kupita kusini mwa kijiti. Jua likiwa kati, kivuli ni sentimita 43 hivi. Mwishoni mwa Desemba unapita kaskazini, sentimita 44.

Mistari hiyo iliyopinda huitwa haipabola. Mwale wa jua unaogusa ncha ya kijiti huzunguka mchana kutwa na kuchora umbo la koni, nayo ardhi huikata koni hiyo. Karibu na ncha ya dunia, siku ambazo jua halitui, mstari hujifunga ukawa duaradufu.

Aliyeipanga mikato hii kwa aina zake ni Mgiriki Apollonius, miaka kama 200 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Aliandika vitabu 8. Vinne vya mwanzo vimebaki kwa Kigiriki. Cha 5, 6 na 7 tunavyo kwa Kiarabu tu, kwa sababu ndugu watatu wa Baghdad, Banu Musa, walisimamia tafsiri yake katika karne ya 9. Mfasiri wake alikuwa Thabit bin Qurra, Msabii wa Harran. Cha 8 kimepotea.

Mjukuu wa Thabit, Ibrahim bin Sinan (aliyefariki 946), aliandika juu ya kuchora mikato hiyo na juu ya saa za kivuli. Mwaka 1371 Ibn al-Shatir, mtunza nyakati wa Msikiti wa Umayya mjini Damascus, alichonga saa ya kivuli yenye wavu mzima: mistari ya misimu ikikatana na mistari ya saa.

Faida yake kwetu ni ipi? Saa zetu za Afrika Mashariki hufuata digrii 45 mashariki, na Kampala iko digrii 32 na nusu hivi. Kwa hiyo Machi 20 jua hupita kati saa 7 kasoro dakika 3 mchana, si saa 6. Alasiri, kivuli kinapozidi kwa urefu wa kijiti, huingia kama saa 3 baadaye. Mombasa jua hutangulia karibu nusu saa. Mwenye kufuturu Kampala kwa ratiba ya Mombasa atafuturu jua halijatua!

Wazazi, wapeni watoto kijiti na chaki, wapime wenyewe, kisha walinganishe na karatasi ya ukutani.