Mlango wa Makerere

Msomaji mwenzangu, kama nawe unaandika na hujafika Makerere, jichange nauli siku moja uende. Mimi nilitoka Dar na begi moja na daftari. Asubuhi nikakipanda kile kilima cha Kampala, nikasimama kwenye majani ya Freedom Square. Mbele yangu Jengo Kuu: refu, jeupe, na mnara wa saa juu yake. Nikasema moyoni, kumbe ndilo hili!

Jengo ni la mwaka 1941, lakini chuo kimelitangulia. Kilianza 1922 kama shule ya ufundi, na wanafunzi 14 tu, wote wavulana. Walisomea nini? Useremala, ujenzi na umakanika. Randa na nyundo, bwana, wala si falsafa! Kaulimbiu yao iliwahimiza wawe wanaume. Basi 1945 wakaingia wasichana sita wa kwanza, na maneno yale yakawa hayasemeki tena. Kaulimbiu mpya ikawa kwamba tunajenga kwa ajili ya siku zijazo. Hebu fikiri: wasichana sita, na chuo kizima kikabadili kauli.

Hapo ndipo nilipoanza kuutazama mlango badala ya mnara. Jengo zuri huwa tunalisifia kuta zake, tunasahau kuuliza nani aliruhusiwa kuingia.

Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere. Achebe alikuwepo, Soyinka alikuwepo, na Ngũgĩ, wakati huo mwanafunzi wa hapo hapo, naye alikuwepo. Ila mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, pamoja na vitabu vyote vile, hakuwa na sifa ya kualikwa, maana aliandika kwa Kiswahili. Mwezi huo huo akafariki. Miaka mingi baadaye Ngũgĩ mwenyewe alilieleza jambo hilo kitabuni, na nilipolisoma liliniuma kama msiba wa nyumbani.

Lakini nisiseme upande mmoja tu. Nyerere naye alisoma Makerere, 1943 hadi 1945, akachukua stashahada ya ualimu. Mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili. Yeye aliingia mlango ule, akatoka na mzigo, akautua barazani kwetu.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 moto ulilishika Jengo Kuu. Paa likateketea. Sisi tuliokuwa mbali tuliona picha tu, tukashika vichwa. Mafundi wakaanza upya, na Oktoba 2024 jengo likafunguliwa tena, sura ile ile ya zamani. Chuo kilichoanza na maseremala kimeokolewa na mafundi. Nimelipenda hilo.

Ila sura ya zamani irudi kwenye kuta na madirisha tu. Orodha ya wanaoalikwa isirudi ilivyokuwa. Nasi, vijana wa kalamu, tusikae nje tukingoja kadi.

Nikaketi kwenye majani, nikafungua daftari. Saa ya mnarani ilikuwa juu ya kichwa changu. Nikaandika ukurasa mzima, kwa Kiswahili, hatua chache tu kutoka mlangoni.