Mpiga gitaa wa studio: kazi yake na haki yake

Mpiga gitaa wa studio ni mwanamuziki anayeitwa kusindikiza wimbo wa mwenzake, akapiga, akalipwa, akaondoka. Riziki yake iko kwenye sikio: ausikie wimbo mara moja, aipate sauti ya mwimbaji kwenye nyuzi, kisha atie madoido bila kummeza.

Kazi hii ilistawi sana Nashville, Marekani, kwenye muziki wa kantri. Grady Martin na Harold Bradley walipiga kwenye rekodi za waimbaji wengi mno. Gitaa linalosikika katika "El Paso" ya Marty Robbins (1959) ni la Martin. Kule chama cha wanamuziki kilipanga ujira, na kikao cha kurekodi kilihesabiwa kwa saa 3.

Kwetu Pwani, Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa 1924, anatajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme, na santuri zake zilitolewa na HMV. Miaka ya 1960 Nairobi ilikuwa na bendi ya studio, Equator Sound Band, ambamo Fadhili William wa Taita, Daudi Kabaka na Nashil Pichen walisindikizana katika nyimbo zao. Hawa tunawajua kwa sababu waliimba pia, majina yakaandikwa kwenye santuri. Aliyepiga tu, mara nyingi jina lake lilipotea.

Jambo hili linamgusa kijana wa Waa, Tiwi au Ng'ombeni anayepiga hotelini Diani usiku na kuitwa studio mchana. Akilipwa mkononi bila karatasi, wimbo ukivuma hana pa kushika. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mpigaji haki zake, mbali na za mtunzi. Haki hizo hudumu miaka 50, na rekodi inapochezwa redioni, yeye pia ana fungu. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka studio, pata karatasi yenye jina la wimbo, tarehe, ala uliyopiga, malipo na sahihi ya prodyuza. Usitie sahihi mkataba wa kuuza haki zako bila kuusoma. Kisha jisajili na chama cha wasanii chenye leseni ya KECOBO, ukiorodhesha kila rekodi uliyopigia.