KABLA HUJALIPA KODI YA MIEZI SITA PWANI: SOMA UPEPO, ULIZA UDONGO (Sehemu ya 3)

 

Sehemu mbili zilizopita tuliongea kuhusu kusafiri na mtoto mchanga na kuhamisha kadi ya kliniki. Leo naandika kwa ajili yenu mnaotoka huku kwetu Arusha kwenda Tanga. Mwingine mume kapata kazi bandarini, mwingine kiwanda cha saruji kule Pongwe, mwingine kwenye mradi wa bomba la mafuta linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 mpaka Chongoleani. Swali mnalonitumia ni lilelile: "Nesi, tupange wapi?"

Mimi siyo dalali. Ila dalali atakwambia vyumba vingapi, umeme upo, choo kiko ndani. Hatakwambia moshi unaenda wapi mchana, wala kiwanja kilikuwa na nini miaka 10 iliyopita. Hayo tunayapata kwenye historia. Kwa hiyo nivumilie, leo somo ni refu, chukua chai.

1. TUANZE HUKU HUKU MERU

Wewe uliyekulia Arusha unalijua jambo hili bila kufundishwa. Mtu akicheka tu, unajua alilelewa Ngarenanyuki au Maji ya Chai. Meno ya kahawia. Yale ni maji yenye floraidi nyingi, yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya mlima wetu. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Baadhi ya vijito na visima vya huku huzidi hapo mara kadhaa. Jino la mtoto linajengwa angali mdogo, ndani ya fizi, kabla hata hujaliona. Likishatoka na madoa, huwezi kurudi nyuma. Palipo na floraidi nyingi zaidi, hata miguu hupinda.

Na yale maji ukiyatazama kwenye glasi ni masafi kabisa.

Ndiyo maana nasema watu wa Meru tunapaswa kuelewa haraka kuliko wengine: mahali unapoishi panaingia kwenye mwili wa mtoto, na macho yako hayatakuonya. Kwetu ni mlima. Pwani, ukipanga jirani na kiwanda, inaweza kuwa kiwanda.

2. TANGA ILIJENGWAJE?

Mwaka 1893 yalitokea mambo mawili Tanga. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka bandarini kwenda bara, na mwaka huohuo Richard Hindorf akaleta miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, na huku kwetu Arusha mwaka 1929, wakati wa Waingereza. Mkonge ulishuka kwa reli, ukapandishwa meli, ukaenda Ulaya.

Kazi ya mkonge ilihitaji watu wengi, na wengi walitolewa mbali. Wazee wetu waliwaita manamba, kwa sababu mtu aliandikwa kwa namba. Manamba hakuchagua pa kuishi. Alipelekwa kambi ya shamba, akapewa chumba kwenye mstari wa vyumba. Maji, choo na hewa vyote vilitegemea mwajiri. Kumbuka hilo, kwa sababu hata leo familia nyingi zinapanga karibu na geti la kazini kwa kudhani hakuna namna nyingine. Wewe una namna. Manamba hakuwa nayo.

Mjini nako watu walipangwa. Waafrika waliwekwa Ngamiani, ndiyo maana mpaka leo utasikia mtu anakuelekeza kwa namba: Barabara ya Tano, ya Kumi na Mbili. Wazungu wakajichagulia Raskazone, kwenye rasi iliyo mashariki, bahari ikiwa mbele yao. Hospitali ya Bombo nayo iko upande huo wa bahari.

3. DAKTARI ALIPOTUMIKA KUPANGA MITAA

Hapa naongea kama mtu wa afya, na kidogo inaniuma. Mwaka 1897 Ronald Ross alipoonyesha kwamba malaria inabebwa na mbu, ingetegemewa serikali za kikoloni zikaushe madimbwi kwa watu wote. Badala yake, wengi waliona ni rahisi kuwatenga Wazungu na Waafrika. Mwaka 1913 Uingereza ilimtuma Profesa W. J. Simpson kukagua usafi wa miji ya Kenya, Uganda na Zanzibar, na ripoti yake ikapendekeza kila rangi ikae sehemu yake. Dar es Salaam nako tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi katikati.

Sasa angalia vizuri. Ubaguzi ulikuwa mbaya, hilo halina mjadala. Lakini ile sehemu waliyojichagulia inakufundisha kitu. Walisoma upepo.

4. UPEPO WA PWANI UNATOKA WAPI?

Muulize mvuvi yeyote. Pwani yetu ina pepo kubwa mbili. Kaskazi huvuma kama Desemba mpaka Machi, kutoka kaskazini mashariki. Kusi huanza kama Aprili au Mei mpaka Septemba au Oktoba, kutoka kusini mashariki. Umeona? Moja ina kaskazini, nyingine ina kusini, lakini zote mbili zina mashariki. Zote zinatoka baharini kuingia nchi kavu. Usiku na alfajiri upepo mwepesi wa nchi kavu unaweza kugeuza, ila mchana bahari ndiyo inayovuma.

Maana yake: moshi na vumbi la kiwanda, sehemu kubwa ya mwaka, vinasukumwa kwenda bara. Anayekaa upande wa bahari anapata hewa ambayo haijapita kwa mtu. Anayekaa nyuma ya kiwanda, upande wa bara, anapata kilichobaki.

Chukua ramani uangalie. Tanga: Raskazone mashariki. Dar es Salaam: Oysterbay ukingoni mwa bahari, viwanda vingi vya zamani Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Nyerere. Mombasa: Wazungu walikaa Kizingo na baadaye Nyali, wakitazama bahari, viwanda vikaenda Changamwe, bara, magharibi ya kisiwa, ambako kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi mwaka 1963. Reli na ardhi tupu ndivyo vilivyovipeleka viwanda huko, lakini upepo ukamalizia kazi. Hata London ni hivyohivyo, upepo wao mkubwa unatoka magharibi, na upande wa mashariki ndiko walikoishi vibarua na moshi wao.

5. OWINO UHURU: HII ISOME POLEPOLE

Mombasa hiyohiyo, eneo la Mikindani, kuna mtaa unaitwa Owino Uhuru. Nyumba za udongo na mabati, watu kama 3,000. Watu walikuwa wanaishi pale kabla. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata madini ya risasi kikafunguliwa, ukuta kwa ukuta na nyumba zao. Moshi ukashuka juu ya mabati, maji machafu yakapita vichochoroni ambako watoto wanacheza.

Mwaka 2009 mama mmoja kijana, Phyllis Omido, aliajiriwa pale kushughulikia uhusiano wa kiwanda na jamii. Mwanawe mdogo akaanza kuumwa, akalazwa. Vipimo vya magonjwa yale tuliyoyazoea havikutoa jibu, mpaka damu ilipopimwa risasi. Ilikutwa nyingi. Risasi ilikuwa imetoka kwa mama mwenyewe, ikampata mtoto kupitia ziwa.

Omido aliacha kazi, akaanza kupigania mtaa mzima. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 na kuagiza udongo usafishwe. Kesi ikakatiwa rufaa, ile fidia ikatenguliwa, na mwishoni mwa 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Hesabu mwenyewe. Kutoka 2007 mpaka 2024 ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kinafunguliwa alikuwa kidato cha nne wakati wakubwa wanamaliza kubishana. Mahakama inaweza kurudisha fedha. Miaka ya kwanza ya ubongo wa mtoto hairudishi.

6. RISASI INAFANYA NINI KWA MTOTO?

Nieleze kwa lugha ya kawaida. Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake unafyonza mara 4 mpaka 5 zaidi ya mtu mzima. Na yeye ndiye anayetambaa chini na kuweka mikono mdomoni. Akiwa na upungufu wa madini chuma au kalsiamu, anafyonza zaidi. Inapunguza damu, inaleta maumivu ya tumbo na kukosa choo, inadhuru ubongo: mtoto anachelewa kuelewa, hatulii, anafeli, na mwalimu anasema mvivu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa mama inajificha kwenye mifupa, na akibeba mimba inatoka humo kumfuata mtoto.

Jamani, msiache kunyonyesha kwa hofu. Kwa mama wengi maziwa yao ndiyo ulinzi wa kwanza. Kama unaishi au umefanya kazi mahali pa betri, nenda kwa daktari umweleze waziwazi, akushauri. Tatizo ni kwamba dalili zinafanana na magonjwa mengine, na usipotaja unapoishi, hakuna atakayefikiria kupima.

7. SASA UKIFIKA TANGA, FANYA HIVI

Simnyooshei kidole kiwanda chochote cha Tanga. Nakupa maswali ya kuuliza popote.

Upepo: nenda kwenye nyumba mara mbili, mchana na alfajiri. Angalia moshi unaelekea wapi. Pitisha kidole juu ya dirisha la jirani uone vumbi. Muulize mama jirani, siyo dalali: "Wakati wa kusi panakuwaje? Na wakati wa kaskazi?" Kama hela inatosha chumba kimoja tu, bora kidogo upande wa bahari wa kiwanda kuliko kikubwa upande wa bara.

Udongo: uliza kiwanja kilikuwa na nini zamani. Jalala? Gereji? Stoo ya dawa za shamba? Kuna fundi anayevunja betri za gari hapo karibu? Risasi haiozi. Miaka ikipita bado ipo pale mtoto anapochezea.

Kiwanja tupu: usifurahie tu nafasi. Owino Uhuru kiwanda kiliwafuata. Uliza serikali ya mtaa eneo limepangwa kuwa nini, makazi au viwanda.

Maji: ya bomba Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi. Kama nyumba inategemea kisima, uliza kina umbali gani na choo, na kama wenyeji wenyewe wanayanywa.

Nguo za kazini: baba abadilishe na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Nguo zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za mtoto. Kukaa mbali na kiwanda halafu kubeba vumbi nyumbani ni kazi bure.

Malaria: hili ni letu watu wa milimani. Arusha malaria ni chache, kwa hiyo mwili wa mwanao haujazoea. Tanga hairuhusiwi kusema "ni homa tu, tusubiri kesho". Homa ni kupima siku hiyohiyo. Neti kila usiku, kila mtu. Mjamzito aanze kliniki mapema na awaambie ametoka Arusha.

Kituo cha afya: kabla ya kulipa kodi, jiulize, saa nane usiku mtoto akipata degedege, nitafika kwa usafiri gani?

Najua kukaa karibu na kazi kunaokoa nauli, na mama anakuwa na msaada wa baba mapema jioni. Hiyo nayo ni afya. Siyo kila mtu ataweza Raskazone, na sikuambii ukope. Ila kati ya nyumba tatu za bei moja, moja ina hewa nzuri kuliko zingine, na kuijua hakuhitaji hela, kunahitaji siku mbili za kuuliza. Wale wa zamani walisoma upepo wakajificha nao peke yao. Sisi tuusome na tuambizane.

Mtumie huyu mama unayemjua anafungasha. Kama tayari unaishi Tanga, andika hapo chini mtaa wako ukoje wakati wa kusi, utamsaidia mwenzako anayekuja. Sehemu ya 4 tutaongea kuhusu joto la pwani na mtoto mchanga: nguo, maji na kuoga.

Mbaki salama.