Chaza wa Chesapeake

Sisi tunaokaa mbali na bahari, wengi hatukupata kumwona chaza. Ni mnyama laini asiye na kichwa, akaaye ndani ya makombe mawili magumu kama jiwe. Akiwa mchanga huogelea majuma mawili au matatu, kisha hushikamana na kitu kigumu, hasa kombe la chaza aliyemtangulia, wala hahami tena mpaka kufa. Hivyo wa leo hukaa juu ya wafu wa jana, na polepole hujenga miamba chini ya maji. Samaki wadogo na kaa hujificha humo.

Chesapeake ni ghuba ndefu ya Marekani, kati ya Maryland na Virginia. Wenyeji wa kwanza wa nchi ile walikula chaza kwa maelfu ya miaka, wala hawakuwamaliza. Waingereza walipofika Jamestown mwaka 1607, miamba ilikuwa bado mizima.

Mabaya yalikuja na chuma. Mwaka 1865 serikali ya Maryland iliruhusu majahazi yenye leseni kukokota vyuma vyenye meno, vinavyokwangua miamba na kuikusanya ndani ya mfuko. Baltimore ikajaa viwanda vya makopo, na gari la moshi likapeleka chaza mbali. Msimu wa 1884 hadi 1885 Maryland peke yake ilitoa busheli milioni 15, na busheli moja yapita madebe mawili! Lakini msidhani kwamba wafanya kazi walitajirika. Wahamiaji maskini walidanganywa wakapandishwa majahazini, wakafanyishwa kazi katika baridi kali, na wengine hawakulipwa. Watu weusi wengi walikaa viwandani wakifungua makombe, wakilipwa kwa kadiri ya walichofungua.

Wavuvi waligombana, hata kwa bunduki. Mwaka 1868 Maryland iliunda askari wa chaza, wenye merikebu zao. Ugomvi haukwisha upesi: mwaka 1959 mtu mmoja wa Virginia aliuawa na askari hao katika mto Potomac. Naye William Brooks, mwalimu wa chuo kikuu huko Baltimore, alikwisha kuonya katika kitabu chake cha mwaka 1891 kwamba chaza watakwisha. Onyo lake halikufuatwa.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, halikuwa kula chaza. Lilikuwa kuyachukua makombe na kuyafanya chokaa na barabara. Watoto wa chaza wakakosa nyumba. Kisha, katikati ya karne ya 20, yakaingia magonjwa mawili, yasiyomdhuru mtu ila huua chaza.

Hasara ikawa ya maji pia. Chaza mmoja mkubwa aweza kuchuja lita 190 kwa siku. Mwaka 1988 mtaalamu mmoja alikadiria kwamba chaza wa kale waliichuja ghuba yote kwa siku chache tu. Waliobaki wangehitaji karibu mwaka mzima. Mbolea ya mashamba huingia majini na kulisha mimea midogo mno. Ikifa huoza, na samaki hukosa pumzi.

Mwaka 2004 kazi ya kurudisha miamba ilifanyika katika mto Great Wicomico, Virginia. Baada ya miaka michache ilionekana kwamba miamba iliyoinuliwa juu ilikuwa na chaza mara nne kuliko ile ya chini, maana matope hayakuifunika. Mwaka 2014 serikali ziliagana kurudisha chaza katika mito 10 kabla ya mwisho wa 2025. Katika Harris Creek, huko Maryland, hektari 140 hivi zilipandwa, na watoto wa chaza zaidi ya bilioni mbili wakatiwa humo.

Si wote waliofurahi. Wavuvi walilalamika kwamba mawe yaliyotandazwa yananasa kamba zao za kutegea kaa, na kwamba wanafungiwa maji ya baba zao. Mwaka 2016 kazi ya mto Tred Avon ilisimamishwa kwa ajili yao, baadaye ikaendelea. Malalamiko yao si ya bure, kwa kuwa mvuvi hali miamba ya kesho.

Makombe yenyewe yamekuwa haba. Tangu mwaka 2010 hoteli za huko huyaweka kando badala ya kuyatupa; huoshwa, hutiwa katika matangi pamoja na watoto wa chaza, na kombe moja laweza kurudi majini likibeba kama 10.